Theluji ya Paa la Ushiki

Mlango wa chumba cha madhabahu uligoma saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Kinuyo alikuwa ameshika kibakuli cha wali wa kwanza, ule wanaopelekewa marehemu kabla walio hai hawajaonja. Aliusukuma mlango pembeni kwa kiganja, kisha kwa bega. Ukasogea upana wa vidole viwili, ukakwama kabisa. Akakiweka kibakuli sakafuni mbele ya ule upenyo, akapiga magoti, akawaomba radhi wakwe zake wawili waliokuwa ndani kwenye picha, kisha akarudi jikoni kukata figili za chumvi.

Huku kwetu mlango wa kusukuma ukikwama wakati wa baridi, hakuna anayeulaumu mlango. Paa limeelemewa na theluji, limekandamiza boriti, na boriti imekandamiza fremu. Lakini paa la Kinuyo lilikuwa jepesi. Alilisafisha mwenyewe juzi, na akiwa na miaka sitini na nane ndiye alikuwa kijana kuliko wote waliobaki katika kitongoji cha Kayanosawa. Uzito ulitoka upande, kwenye nyumba ya jirani.

"Limenung'unika mara mbili," mumewe Tokuji alisema kutoka kitandani alipomletea supu ya miso. "Mara ya kwanza saa nane. Ya pili sasa hivi, ulipokuwa unapigana na mlango."

"Labda ni tumbo lako."

"Tumbo langu nalijua. Lile ni paa la Ushiki. Lina sauti yake."

Alilijua kweli. Miaka tisa iliyopita mzee Ushiki Genpachi, kabla ya kuhamia kwa bintiye Osaka, alikuja na chupa ya pombe ya mchele, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akamwomba Tokuji amtazamie paa. Jirani akikuinamia hivyo huna la kusema. Kwa miaka minne Tokuji alilisafisha lile paa pamoja na la kwake. Mwaka wa tano alipanda alfajiri peke yake, bila kumwita mtu asimame chini, ukingo ukamponyoka. Alilala chini ya theluji karibu nusu saa kabla Kinuyo hajaiona ngazi imesimama bila mtu. Tangu hapo miguu yake haikumsikia tena. Genpachi alituma sanduku la machungwa madogo pamoja na barua ndefu ya kuomba radhi, na mwaka uliofuata akafa. Paa likabaki bila mtu.

Sasa ilikuwa Ijumaa, na theluji ilikuwa imeanguka siku kumi na moja mfululizo. Nyumba ya Ushiki ni ya ghorofa, ya Kinuyo ni ya chini. Uchochoro uliozitenganisha ulikuwa umejaa mpaka juu, na theluji ya paa la Ushiki ilikuwa imejikunja ukingoni, imening'inia juu ya chumba alicholala Tokuji, nene kuliko urefu wa mtu. Kumhamishia sebuleni kusingesaidia kitu, kwani ule mzigo ukishuka ungeondoka na nyumba nzima, sebule na jiko. Kinuyo alikuwa ameliwaza hilo kila usiku tangu Jumapili. Aliogopa, na alichoka kuogopa.

Redio ilisema ni theluji ambayo haijaonekana kwa miaka arobaini, na kwamba huenda rekodi ikavunjwa wikiendi hii. Mtangazaji alisikika mchangamfu kama anayetangaza mechi.

"Nashuka ofisini," Kinuyo alisema.

"Mara ya nne hii."

"Basi watakuwa wamenizoea."

Alitokea dirisha la darini, kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa chini ya theluji, akavaa viatu vya wavu vya kukanyagia theluji, akashuka ngazi aliyoichonga mwenyewe kwa sepetu. Greda lilikuwa limeshapita. Barabara ilikuwa safi, imekatwa wima pande zote mbili, na kuta zake zilimzidi kimo. Basi la saa mbili kasorobo lilikuwa na abiria mmoja, yeye.

Mbele ya jengo la halmashauri, kwenye maegesho, wafanyakazi sita walikuwa wanachonga sungura mkubwa wa theluji kwa ajili ya tamasha la Jumapili. Theluji ya kumchongea ilikuwa imeletwa na malori mawili, na hakuna aliyeiombea kibali chenye mhuri. Hatua chache kutoka kwa sungura ulisimama mti wa kupimia kina cha theluji, mweupe wenye mistari myekundu. Kinuyo aliusogelea kuutazama. Kuuzunguka, theluji ilikuwa imebonyea kama godoro lililolaliwa na mtu mnene, kwa sababu mabomba ya kumwaga maji ya uvuguvugu, yale yanayoyeyusha theluji ili magari yapite, yalipita kando ya mguu wake.

Afisa Sekikawa wa kitengo cha maafa alikuwa na macho mekundu na shati la jana. Alimwona Kinuyo tangu mlangoni, akalitoa faili kabla hajafika kaunta.

"Karibu, mama. Ni lile paa?"

"Ni lilelile."

"Nimeandika tena wiki hii." Alifungua faili. "Mhuri wa mwenye nyumba ndio unaokosekana."

"Mwenye nyumba amekufa, bwana Sekikawa. Tulikuwa wote mazishini. Wewe ndiye uliyebeba shada la halmashauri."

"Najua, mama. Ndiyo maana sasa ni mihuri ya warithi. Wako saba. Watano wameleta. Mmoja yuko Brazili. Wa saba, barua yake imerudi."

"Na ya Brazili imeenda kwa njia gani?"

"Posta ya kawaida."

"Haya. Na theluji, inakuja kwa njia gani?"

Sekikawa alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Mama yake mzazi alikuwa juu ya bonde jingine, na paa lake pia lilikuwa linasubiri zamu. Lakini alikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na kisanduku, na kisanduku kilikuwa kitupu.

"Mama, nikueleze vizuri. Maafa yakitangazwa, siku hiyohiyo naweza kuleta watu sita na mashine, bila mhuri wa mtu yeyote. Sheria inaniruhusu. Sharti ni mti ufike mita tatu."

"Umefika ngapi?"

"Mita mbili na sentimita tisini na nane."

"Jana?"

"Tisini na nane."

"Usiku huu imeanguka mpaka magotini, bwana. Leo asubuhi?"

Sekikawa alishusha sauti. "Tisini na nane."

Wote wawili walitazama dirishani. Mfanyakazi mmoja alikuwa amepanda ngazi, anamsugua sungura sikio.

"Mti wenu umeloweka miguu kwenye maji moto," Kinuyo alisema. "Na mimi nikilowekwa hivyo sitasikia baridi."

"Mti ulikuwepo kabla ya mabomba."

"Si muuhamishe?"

"Ukihamishwa, takwimu za miaka yote zitakuwa hazilinganishwi. Tuliuliza mkoani."

"Wa kwetu ni wa mita nne, pale shuleni. Umezama tangu Jumanne. Njoo uone, kama utaona kitu."

"Shule ilifungwa, mama. Ule si rasmi tena."

Kinuyo alihisi hasira ikimpanda, ikakuta pale hakuna wa kumpiga. Kijana wa watu alikuwa anamtazama kama mbwa aliyefungwa.

"Nikipanda mwenyewe je?"

"Hilo sijalisikia." Sekikawa alitazama nyuma yake. "Mali ya mtu ni mali ya mtu. Sisemi panda, sisemi usipande. Lakini hata ukipanda, theluji utaipeleka wapi? Uani kwa Ushiki kumejaa mpaka madirisha ya juu. Ukiitupa upande wako unajizika. Theluji ikiwa juu ya paa ni ya mwenye nyumba, mama. Ikishafika barabarani ndiyo inakuwa ya halmashauri. Na kuitupa barabarani ni kosa, lina karipio la maandishi."

"Ikifika barabarani ni yenu."

"Yetu kwa maana ya kuiondoa. Lakini nimesema—"

"Nimekusikia vizuri," Kinuyo alisema, akainama, akamshukuru kwa kazi ngumu anayoifanya, kama inavyopasa, akatoka.

Kwenye basi la kurudi alikaa na mikono mapajani, akiliwaza neno moja tu: barabarani. Watu wa nje hawaelewi jambo hili. Huku mtu anaweza kulewa akaimba matusi msibani, na ukifika wakati wa kupanda mpunga awe ameshasamehewa. Lakini kutupa theluji yako mahali ambapo mwenzako ataizoa, hilo halisahauliki. Miaka arobaini iliyopita, kwenye ile theluji kubwa, mtu mmoja wa Kayanosawa aliimwaga ya kwake barabarani usiku. Mpaka leo jina lake likitajwa watu wanajibu, "Aa, yule wa barabarani," na mwenyewe alishazikwa. Kinuyo hakuwahi hata kuruhusu donge lidondoke njiani kutoka kwenye beleshi lake.

Kituoni alimkuta Bibi Tsune, jirani yake wa juu, wa mwisho kabla barabara haijaishia mlimani. Alikuwa na miaka themanini na moja, amefunga kitambaa kichwani, na alikuwa anapigapiga ukuta wa theluji kwa sepetu bila sababu.

"Wamesemaje, mwanangu?"

"Brazili."

"Brazili!" Bibi Tsune alicheka mpaka akakohoa. "Haya, huko ni kiangazi. Mwambie aje na kofia."

"Bibi, leo una safari yoyote? Zahanati, duka, popote?"

"Niende wapi na miguu hii?"

"Nikiifunga barabara mpaka jioni, utanisamehe?"

Bibi Tsune aliacha kupigapiga. Alitazama juu, kwenye paa la Ushiki, ambalo halikuwa paa tena bali kilima kimekaa juu ya nyumba. Upande mmoja lilielekea kwa Kinuyo, upande wa pili lilielekea barabarani. Kikongwe alielewa bila kuelezwa.

"Wa kukulaumu ni mimi tu," alisema. "Wengine wote wamekufa au wamehama. Na mimi nitakuwa nimesimama palepale nakushikia ngazi. Sasa atalaumu nani?"

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa Tokuji.

"Hupandi," alisema.

"Napanda."

"Hujui lile paa. Upande wa kaskazini, ubao wa tatu kutoka ukingoni umeoza. Ndio ulionila mimi."

"Ndiyo maana nimekuja uniambie."

"Kinuyo, mimi nimelala hapa miaka mitano nakutazama unanigeuza kama mkate. Ukianguka wewe, mimi nitageuzwa na nani? Na Sekikawa?"

"Sekikawa atataka mhuri."

Hakucheka. Alimtazama mkewe, na machozi yakamjaa, na hakuyafuta. Kisha akanyoosha mkono. "Lete kamba. Ile ya buluu, si ya njano. Njoo karibu."

Kinuyo alikaa ukingoni mwa kitanda. Miguu ya Tokuji ilikuwa imekufa, lakini mikono ilikuwa ileile. Aliipitisha kamba kiunoni mwake, mabegani, kifuani, akaifunga mafundo matatu, akalivuta kila moja kwa meno. Alikuwa hajamgusa hivyo, kwa nguvu, tangu aanguke.

"Upande wa pili unaufunga wapi?"

"Kwenye mpasimoni wa Ushiki, ule mti wa matunda. Kamba ipite juu ya mgongo wa paa. Mimi nikiwa huku, mti uko kule."

"Na chini kuna nani?"

"Bibi Tsune."

"Aite. Asinyamaze hata kidogo. Mwambie nimesema hivyo."

Hiyo ndiyo desturi. Anayepanda huwa na mtu chini, na kazi ya wa chini ni kuita. Huita "Upo?" na wa juu hujibu "Nipo." Siku jibu lisipokuja, wa chini hasubiri kuita mara ya pili, anaanza kuchimba. Tokuji mwenyewe aliwafundisha vijana wa kitongoji hiki kuita, wakati vijana walikuwepo, na siku moja tu hakuifuata, kwa sababu hakutaka kumwamsha mtu kwa ajili ya paa lisilo lake.

Saa tano Kinuyo alikuwa juu. Theluji ilifika kifuani, laini juu, ngumu kama sabuni chini. Aliikata vipande vya mraba kwa sepetu, akavipakia kwenye lile beleshi pana la kusukuma ambalo huku kila mtu huliita "mama", akalivuta mpaka kwenye mgongo wa paa, akalisukuma upande wa pili. Kipande cha kwanza kiliteleza, kikapotea ukingoni. Kisha ikasikika sauti yake ikitua barabarani.

Alisimama akasikiliza. Uso ulimwaka moto kwa aibu, peke yake juu ya paa, hakuna anayemwona ila kunguru.

"Upo?" Bibi Tsune aliita.

"Nipo!"

"Mbona umesimama? Unangoja wakupigie makofi?"

Kipande cha pili kilikuwa rahisi zaidi. Kufikia cha kumi hakuwa anahesabu tena. Alikata, akapakia, akavuta, akasukuma. Jasho lilimtiririka mgongoni, na kila alipopumzika liligeuka barafu, kwa hiyo hakupumzika. Ubao wa tatu aliukwepa. Theluji mpya ilikuwa imeacha kuanguka, na wingu likapasuka kidogo, akaona bonde zima: mapaa ya nyumba kumi na moja, tisa kati yao vilima vyeupe visivyotoa moshi. Kila kimoja kilikuwa na warithi mahali fulani.

"Upo?"

"Nipo!"

"Ushiki alikuwa anakukonyeza ulipokuja huku kuolewa, unajua?"

"Kaa kimya, bibi!"

"Nimeambiwa nisinyamaze. Mume wako kasema."

Saa nane sauti ya Bibi Tsune ilianza kukauka. Aliita mara moja, akakohoa, akaita tena kwa shida. Kinuyo alimwambia apumzike, anywe chai. Ukapita muda mfupi wa ukimya, ukimya ule mbaya. Kisha kutoka chini upande wa pili, kupitia ukuta wa mbao na theluji yote ile, akasikia kitu kikigonga, fimbo ukutani, na sauti ya mwanamume.

"Upoooo?"

Kinuyo aliinamia beleshi.

"Nipo!" alijibu.

Waliitana hivyo, mke na mume, mpaka Bibi Tsune akamaliza chai yake ya pili.

Hakulimaliza paa. Mtu mmoja halimalizi kwa siku moja. Lakini kufikia saa kumi kasorobo kile kilichokuwa kimening'inia juu ya chumba cha Tokuji hakikuwepo, na nusu ya upande ule ilionyesha bati, jekundu, lenye kutu. Barabara nayo haikuonekana. Mahali pake palikuwa na tuta la vipande vya mraba, vimerundikana mpaka usawa wa dirisha la ghorofa.

Kinuyo alishuka. Bibi Tsune alimpa tonge la wali lenye plamu ya chumvi, wakakaa juu ya ngazi ya theluji wakala wakilitazama lile tuta.

"Limependeza," Bibi Tsune alisema. "Zuri kuliko la tamasha."

Greda lilifika saa kumi, taa zake za njano zikizunguka. Lilisimama mbele ya tuta, likangurumanguruma, likanyamaza. Dereva Banba alishuka. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na zaidi, na utotoni alikula chakula cha Kinuyo, enzi huyu mama alipokuwa mpishi wa shule, miaka sita mfululizo, akiomba kuongezewa kila siku.

"Mama," alisema. "Hii nini?"

"Theluji."

"Naona ni theluji. Ya nani?"

"Asubuhi ilikuwa ya Ushiki. Sasa hivi ni yenu."

Banba alilitazama tuta. Vipande vilikuwa vya mraba, vimekatwa sawasawa, vyenye alama za sepetu. Akatazama paa. Akaitazama kamba ya buluu iliyokuwa bado kifuani mwa Kinuyo, mafundo matatu, akayatambua. Yeye pia alifundishwa kuita na Tokuji.

"Mzee yuko salama?"

"Yuko salama. Tangu leo."

Alipanda tena garini, akachukua redio ya upepo. Mlango aliuacha wazi. Sauti ya Sekikawa ilitoka kavu, yenye mikwaruzo, inauliza kwa nini greda limesimama.

"Kayanosawa barabara imefungwa. Theluji kutoka paa la Ushiki."

"Nani kaitupa?"

Banba alimtazama Kinuyo. Kinuyo alifungua mdomo. Alikuwa tayari kusema, alilipanga jibu lake tangu kwenye basi. Banba akatikisa kichwa.

"Imeporomoka yenyewe," alisema kwenye redio. "Huku juu hakuna mtu."

"Imeporomoka yenyewe," Sekikawa alirudia polepole, kama anayeandika. "Aliyeumia?"

"Hakuna."

"Basi ondoa. Kufungua barabara ni kazi yetu."

Banba alilitoa tuta lote kwa saa moja na nusu, akilisukuma mpaka kwenye korongo la mto. Bibi Tsune alisimama pembeni akimwelekeza, ingawa Banba hakuhitaji kuelekezwa. Alipomaliza alipiga honi mara moja, akageuza. Alipofika mbele ya nyumba ya Kinuyo, alilinyanyua sepetu la greda, ili asimwachie lile tuta dogo ambalo greda huacha mlangoni kwa kila mtu. Ni kinyume cha maelekezo, kwa sababu kunachelewesha ratiba.

Simu ililia Kinuyo akiwa anamkausha Tokuji miguu.

"Mama Nagumo?" Sekikawa alimwita kwa jina la ukoo, kwa sauti iliyojaribu kuwa ya furaha. "Nina habari njema. Kwa kuwa theluji imeporomoka yenyewe na hakuna aliyedhurika, nyumba ya Ushiki imetolewa kwenye orodha ya hatari. Ombi lako limefungwa."

"Limefungwa maana yake nini?"

"Maana yake limeshughulikiwa. Hata barua ya Brazili hatuhitaji kuifuatilia tena."

Kinuyo alitazama dirisha dogo la juu, pale ambapo mbao za kukinga theluji hazilifuniki lote. Ilikuwa imeanza tena, mabonge makubwa, mazito, yasiyo na upepo, yanayoshuka wima. Hiyo ndiyo inayojaza.

"Na ikijaa tena?"

"Utaleta ombi jipya, mama. Tunaanza upya tu, fomu unazijua. Kaunta inafunguliwa Jumatatu."

"Mti umefika ngapi?"

Kinuyo alisikia kelele za watu nyuma ya Sekikawa, na mtu akicheka, na neno "sungura".

"Mama," Sekikawa alisema kwa sauti nyingine, ya chini, yake mwenyewe. "Vile vipande. Banba kaniambia. Pole sana na kazi."

"Na wewe pole," Kinuyo alisema, akainama mbele ya simu kwa mazoea, akaikata.

Alienda kwenye chumba cha madhabahu. Kile kibakuli cha asubuhi kilikuwa palepale sakafuni, wali umekauka juu. Aliusukuma mlango. Uliguna, ukaenda, ukafika nusu. Akaingia kwa ubavu, akakiweka kibakuli mbele ya picha, akawaambia wakwe zake wamsamehe, leo wamekula jioni.

"Wamesemaje?" Tokuji aliuliza aliporudi.

"Limeshughulikiwa."

"Na nani?"

"Lenyewe."

Tokuji alicheka kidogo puani. Kisha akasikiliza. Hapakuwa na mngurumo wowote, ila ule ukimya mzito ambao theluji huuleta ikianguka kwa wingi. Akanyoosha mkono, akaomba kamba. Aliipitisha yote vidoleni, shubiri kwa shubiri, akitafuta palipolika. Mahali pamoja palikuwa pamekwaruzwa na bati. Aliikata hapo kwa kisu, akaunga upya, akavuta kwa meno.

"Kesho nitafunga juu kidogo," alisema. "Leo ilikubana kifua."

"Ilinibana."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema usingeniachia nipande."

Kinuyo aliichukua kamba. Ilikuwa imelowa, nzito kuliko asubuhi. Aliitundika juu ya jiko la mafuta ya taa ili ikauke, kwa sababu kesho ni Jumamosi.